Mchawi Wetu wa Waberi

Waberi, Garissa
Jumapili jioni

Kwako abaayo, dada yangu Wanji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, na mama yako pia, ambaye nasikia goti lake limeanza kukubali ngazi. Sisi huku tuko, alhamdulillahi. Joto ni lile lile ulilokuwa ukilitukana, na hooyo, mama yangu, bado anauliza yuko wapi yule msichana aliyekuwa akimmalizia mikate yake ya anjera.

Ujumbe wako niliusoma. Unasema kikundi chako kipya cha ule mchezo wa dadu, wa kujifanya wahusika wa hadithi, kinataka kujua kwa nini sisi wa Garissa tulikwepa kucheza wahusika wenye uchawi, nikuandikie sababu zetu, tena ziwe za kuchekesha. Nimejibu kwa karatasi, na Peterson atakupa mkononi, kwa sababu karatasi haisambai kwa kubonyezwa kidole.

Kati yetu wachezaji, Kadar alikuwa mvivu tu. Alisema mpiganaji anahitaji upanga na hasira, ilhali mchawi anapewa kurasa chungu nzima za kukariri kama mtoto wa duksi mbele ya Kurani. Peterson alisema uchawi unaua hadithi: mnahangaika na mlango wa ngome jioni nzima, kisha mtu mmoja ananong'ona neno, mlango wazi, utamu umekwisha. Mimi niliogopa, na sikuona haya kusema. Kwetu sihri haichezewi hata ukiwa umeshika dadu. Neno likishatoka mdomoni, halina alama ya kuonyesha kwamba ulikuwa unatania.

Ni Qali peke yake aliyekukubalia. Ulilalamika kwamba kundi letu la wasafiri litafia pangoni bila mchawi, naye hakupenda kukuona umenuna. Ulikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na kwake jirani hanyimwi. Basi akawa yule bibi mwenye kuita moto. Na alikuwa hodari, wallahi! Yule Qali asiyepandisha sauti hata sokoni alisimama, akajifunika shali, akanyoosha mkono na kuuita moto kwa sauti ambayo hatukujua anayo. Tulicheka mpaka machozi. Wewe ukarekodi.

Siku uliyohama ukaiweka ile video kwenye simu yako, kila mwenye namba yako aione, na chini ukaandika: "Nitamkumbuka mchawi wetu wa Waberi." Katika kitabu chako cha Kiingereza neno hilo ni mzee wa ndevu na kofia ndefu. Ulipolitia Kiswahili likawa mtu anayezunguka makaburini.

Qali alinikataza kukwambia yaliyofuata. Alisema utaumia bure. Leo navunja katazo lake.

Video ilimfikia Barwaqo, mama mkwe wa Qali. Msimu ule ule mtoto mchanga wa shemeji yake Qali alikuwa amefariki kwa kuhara. Daktari alieleza, watu wakazika. Lakini Barwaqo alipoitazama video alisema sasa ameujua moto uliomuunguza mjukuu wake. Sheikh aliitwa, akaitazama mpaka mwisho, akasema ni upuuzi na Qali auache, ila si sihri, na kumsingizia Mwislamu ni dhambi kubwa. Barwaqo akasema sheikh naye amefumbwa macho. Shuaib, mume wa Qali, si mtu mbaya. Ni mtu anayemwogopa mama yake. Akatoa talaka. Qali akarudi Bura kwa kaka yake, na mwanawe Aweys, ambaye hakuwahi kulala mbali na mkono wa mamake, akabakizwa kwa bibi yake Barwaqo.

Nilikupigia simu wakati ule nikakwambia ameachwa. Ulisema pole, watu wa huko bado wako nyuma. Kisha ukaniuliza ni nani atakayeshika nafasi yake mchezoni.

Juzi nilikwenda Bura. Nilimkuta Aweys akicheza uani, nikadhani mahakama ya kadhi imemrudisha. Qali akanivuta ndani, akanieleza. Ukame ulimaliza mbuzi wa Barwaqo, usingizi ukamhama, akawa anasikia moto ukitambaa juu ya dari. Mwishowe akatuma shangazi mmoja kwa siri kumwomba Qali aondoe alichokiweka. Qali aliapa kwamba hakuweka kitu. Yule shangazi akalia, akakaa chini mlangoni, akasema haondoki mikono mitupu. Hapo, alisema Qali, ndipo alipomkumbuka yule bibi wa mchezo. Akaomba maji. Akayasomea Alhamdu, hakuna zaidi, Mungu shahidi wake. Kisha akasema kwa sauti ile ile: "Mwambie Barwaqo moto utazimika siku mwanangu atakapolala hapa."

Kesho yake mtoto akaletwa, nguo zake ndani ya mfuko. Wanasema Barwaqo sasa analala.

Nilifurahi, nikamkumbatia. Akanisukuma taratibu. Kaka yake hali tena chakula anachopika. Wanawake wanakuja na mashati ya waume zao, wengine na majina ya wake wenza, nao ni wale wale wanaotema mate wakikutana naye njiani. Akisema hana uwezo wowote, Barwaqo atasikia, na mtoto atachukuliwa. "Nyinyi mchezo ukiisha mlikuwa mnaziacha panga zenu mezani," aliniambia. "Mimi huyu bibi nimetoka naye. Nikimwacha, namwacha Aweys."

Basi, abaayo, wasimulie wenzako uvivu wa Kadar, huo unachekesha. Ya Qali yaishie kwako.

Yeye anakusalimu sana. Aliniuliza kama nyumba yako mpya ina maji ya uhakika. Mfikishie mama salamu za hooyo. Zangu kwako nimezitafuta tangu asubuhi, nikizipata, nitazituma.

Ni mimi,
Ifrah