Mchoro wa Adhiambo na Kaburi la Baba Yake

Jumapili, mwezi wa Aprili. Nyangoto.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na imekata sasa hivi, jioni. Viatu vyangu viko mlangoni vimeganda tope jekundu na sina hamu ya kuvisafisha. Nimerudi kutoka mazikoni. Nimeoga, nimesali, nimepika ugali ukanishinda kula. Nikasema basi niandike, maana nikikaa kimya hivi nitalia tena, na jirani yangu atakuja kugonga kuuliza kulikoni.

Leo tumemzika baba yake Adhiambo, na hatukuwa na maiti.

Nianze mbali kidogo. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mtoto wa Korogwe, nimepangiwa kazi huku Tarime na sijawahi kuijutia, ingawa baridi ya asubuhi za huku ilinitoa machozi miezi ya mwanzo. Shuleni kwetu ukisimama uwanjani unaliona lundo la mawe ya mgodi mkubwa, limekaa pale kama mlima uliozaliwa juzi. Nje ya uzio wa mgodi kila mtu anachimba chake. Ikisemekana mahali fulani pametoa dhahabu, ndani ya wiki moja pana maturubai, mama lishe, mafundi simu na mashimo. Watoto wangu wanakuja darasani na vumbi la mawe kwenye nyusi, kwa sababu jioni wanaponda mawe na mama zao.

Mwaka huu niliamua Darasa la Sita waache kidogo hadithi za sungura na fisi. Walikuwa wanazighani kwa Kiingereza kizuri kabisa na macho yametazama dirishani. Walikuwa wamezikariri, hawakuwa wanasoma. Nikataka wasome maandishi ya kueleza mambo: mashine inafanyaje kazi, nyuki anaishi vipi, dawa inanywewaje. Maandishi yenye kichwa cha habari, mchoro, na lebo pembeni za kutaja kila sehemu. Kitabu tulichonacho kinaeleza treni inayopita chini ya ardhi huko Ulaya. Watoto waliutazama ule mchoro kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya asiowajua.

Basi nikaazima mbuzi.

Nilikata karatasi ya manila vipande vipande, nikaandika kwato, pembe, mkia na kadhalika kwa Kiingereza, nikavifunga kamba, wanafunzi wakawa wanamvisha mbuzi majina yake. Mbuzi alikula mkia, yaani ile kadi yake. Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Lakini siku ile ndipo walipoelewa. Niliwaambia lebo si pambo, mstari wake lazima uguse kitu chenyewe. Usipogusa unaelea, na mchoro wenye mstari unaoelea unamdanganya msomaji. Walilipenda sana neno hilo. Kila mwenzao akienda ubaoni kuchora mstari, darasa zima lilinyoosha shingo, na akikosea kidogo tu utasikia, "Inaelea, madam."

Adhiambo ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Ni binti mrefu, mtulivu, Mjaluo katikati ya Wakurya wengi, na wenzake wanamtania kwamba anaongea kama mtu anayehesabiwa maneno. Nilipowapa kazi ya kueleza kitu cha nyumbani kwao kwa Kiingereza, wengi waliandika kuhusu ng'ombe au baiskeli. Yeye alichora duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao la kushukia. Baba yake, Ouma, alikaa naye nyumbani akamweleza kila kitu kwa Kiswahili na Kijaluo: kamba inafungwa wapi, ngazi inashikwa vipi, matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, yanapandana kwa mtindo gani. Yeye akaja kwangu na orodha ya maneno ya kutafutiwa Kiingereza. Mengine hata mimi niliyatafuta kwenye simu.

Kichwa aliandika How a Gold Pit Works, yaani namna shimo la dhahabu linavyofanya kazi. Nilikibandika kile kielelezo ukutani karibu na ubao. Ouma alikuja shuleni kukiona akiwa bado na tope la kazini, akasimama mlangoni akaogopa kuchafua sakafu. Nikamwambia aingie. Kiingereza hakujua, lakini alifuata mistari yote kwa kidole, mmoja mmoja, kutoka kwenye neno mpaka kwenye kitu. Mwishoni akaniambia, "Mwalimu, huyu kaweka kila kitu mahali pake." Akatoka bila kuaga vizuri, kwa furaha, nadhani.



Mvua za mwezi huu zililainisha udongo. Lile duara lilititia Ouma akiwa chini. Wenzake wawili walitolewa, yeye hapana. Walichimba kwa majembe na mikono mchana na usiku, wakibadilishana, mpaka maji yakaanza kupanda na kuta za pembeni zikaanza kumeguka nazo. Mwishowe wakaafikiana waache, wasije wakazika na wengine. Nilikuwapo walipotoka. Watu wazima, wamekaa chini, wanalia kama watoto, na hakuna aliyethubutu kumtazama mama yake Ouma.

Adhiambo alirudi shule siku chache baadaye, kichwa kimenyolewa. Sikumwita, nilimwacha. Katikati ya somo alisimama, akaja mezani kwangu, akachukua kalamu yangu nyekundu bila kuniomba. Akaenda kwenye kielelezo chake. Akachora mstari mmoja kutoka pembeni mpaka chini kabisa ya duara, akauchora polepole mpaka ukagusa, na mwanzoni mwake akaandika Father.

Darasa lile ambalo haliachi kosa lipite halikutoa sauti.

Nilipaswa kusema neno. Nilisema tufungue ukurasa unaofuata.

Tangu siku hiyo akawa haji tena. Mchana wote anashinda ukingoni mwa lile shimo, pale udongo bado unameguka. Wanamfukuza, anarudi. Alimwambia bibi yake, mama yake Ouma, kwamba baba yuko kule, na kama watu wote wataondoka nani atajua yuko wapi. Bibi alikuja mpaka nyumbani kwangu kwa miguu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba amempoteza mtoto na sasa anampoteza mjukuu. "Mimi simuwezi. Baba yake mdogo hamuwezi. Ni wewe tu anakusikia."

Akanieleza kwamba Jumapili watazika. Kwa Wajaluo, mtu asipopatikana huchumwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba zake mtini, mti wake kwetu tunauita mwegea. Linafungwa sanda, linavishwa nguo za marehemu, linalazwa kwenye jeneza, linaitwa kwa jina lake. Wazee wakishaliita, si tunda tena, ni mtu wao. Wanamlilia, wanamzika nyumbani kwake, naye anapumzika. Mtoto wa kwanza anatakiwa atupie udongo. Adhiambo alikuwa amekwisha kusema hatupi.

Sikulicheka hilo hata moyoni. Kwetu sisi Waislamu asiyepatikana tunamsalia sala ya ghaibu, safu zimenyooka na mbele hapana jeneza. Kila watu wanatafuta namna ya kumaliza jambo lisilomalizika. Nilimwahidi bibi nitakuja, na nitasema na mtoto.

Leo mvua ilitunyeshea tangu njiani. Ouma alikuwa amejenga mji wake pembeni ya kijiji, nyumba ya bati na jiko la udongo. Watu walijaa, wachimbaji wengi, wamevaa mashati safi yaliyokunjwa muda mrefu sandukuni. Mama yake Adhiambo hakuweza kutoka ndani. Jeneza lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia. Baba mdogo, ndugu yake Ouma, aliinama juu yake akasema kwa Kijaluo, na mtu aliyesimama nami akanitafsiria: Ouma, umefika nyumbani, usitangetange tena. Sauti yake ilikatikia njiani. Wanawake walipokea kilio, na mimi wa Korogwe nisiye na undugu na mtu pale nililia nao.

Adhiambo alisimama mbali, karibu na msalaba wa mbao uliokuwa umeegemezwa ukutani ukisubiri kusimikwa. Ulikuwa na jina la baba yake kwa rangi nyeupe. Jeneza liliposhushwa wakamwita. Hakusogea. Baba mdogo akamwita tena, kwa ukali wa mtu aliyechoka. Ndipo akaunyooshea msalaba kidole akasema kwa Kiswahili, kila mtu akasikia, "Huo unaelea."

Hawakumwelewa. Walifikiri mtoto amechanganyikiwa. Mimi nilimwelewa: jina lile halikugusa kitu chenyewe.

Bibi akanigeukia. Alinitazama tu, na jicho lile nitakaa nalo. Baba mdogo akasema, "Mwalimu, mwambie. Mwambie baba yake yuko hapa, apate kuacha kwenda kule."

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nimepanga maneno ya hekima. Yote yaliyeyuka. Niliona ule ukingo wa shimo, udongo unavyomeguka, na yeye amekaa pale. Nikataka awe hai. Basi nikasema, kwa sauti ya kusikika na bibi, "Adhiambo, baba yako yuko hapa. Wamemleta nyumbani."

Nilisema uongo. Au nilisema ukweli wa watu wale, ambao si wangu kuuita uongo. Nimezunguka na jambo hili tangu saa nane na bado sijui.

Adhiambo akauliza kwa sauti ya chini, si kwa Kiswahili wala Kijaluo, "Teacher, did you see him?"

Pale mazikoni hapakuwa na mwingine wa kuelewa ila yeye na mimi. Nadhani ndiyo maana alichagua Kiingereza. Bibi yake alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, na mtoto hakutaka bibi asikie kwamba bado anauliza. Miaka yote ninawahimiza waniulize jambo kwa Kiingereza, jambo wanalotaka kulijua kweli, na huniuliza kama waende chooni. Hili lilikuwa swali la kwanza, na lilitaka taarifa.

Kama nilimwona. Sikumwona. Hakuna aliyemwona.

"No," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama anavyofanya darasani akishapata jibu. Uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu msiba utokee nilimwona akilia. Alilia amesimama, mikono ubavuni. Halafu akapita mbele yangu akaenda kaburini, akachota udongo mbichi kwa mikono miwili, akautupa. Akachota tena. Baba mdogo ikabidi amshike mabega.

Watu wakashusha pumzi. Wakaanza kufukia.

Bibi alikuja akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Akanishukuru kwa Kijaluo, kisha akatafuta Kiswahili chake. "Asante, mwalimu. Wewe umemwambia, amekuamini."

Nilisema poleni sana, bibi, nikaondoka na mvua yangu.

Sijui Adhiambo aliutupa ule udongo kwa sababu gani. Labda alikwisha kukubali tangu zamani na alichokuwa anadai ni mtu mmoja tu asimdanganye. Labda alimhurumia bibi. Labda kesho mchana atakuwa tena pale ukingoni, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempa ruhusa kwa neno moja.

Kesho Darasa la Sita ni kipindi cha kwanza. Ikilia kengele naye hayupo kwenye dawati lake, sitafundisha. Nitakwenda shimoni kumfuata, nikae naye hapo hapo udongo ulipo imara, mpaka akubali turudi wote.