Sufuria za Saa Kumi

Beni, tarehe 3 Juni

Mpendwa kaka Edmond,

Tumsifu Yesu Kristu. U hali gani huko Kampala, wewe na shemeji Élysée na watoto? Kikohozi nilichokisikia kwenye simu wakati wa kilio kimepungua? Usikidharau, Kampala ina vumbi na wewe kifua chako nakijua tangu utotoni. Sisi hapa tungali hai, tunamshukuru Mungu, ingawa siku hizi neno hilo tunalisema kwa sauti ndogo.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Phinées, yule mfanyabiashara wa vitenge anayepita Kasindi kila juma. Sikutaka kukueleza kwa simu. Simu ikilia hapa, Baba Lusenge, kama mzee wa familia, anaiweka haut-parleur na nyumba nzima inasikiliza. Nataka usome peke yako, ili Jumamosi, kikao cha familia kitakapokupigia, useme neno lako ukiwa umejua ukweli.

Uliuliza swali moja ukalirudia mara tatu: mama alisikia sufuria kama watu wote, kwa nini hakukimbia? Baba Lusenge alikujibu kwamba Kanyere, mke wa mdogo wako Jéthro, alikimbia na mtoto mgongoni akamwacha mama mkwe wake shambani bila kumwambia neno. Ndiyo maana kikao kinataka arudishwe kwao Kalunguta, na watoto wake watatu wabaki kwetu. Kaka, si kweli. Mama yako, mama mkubwa wangu, alikufa kwa sababu ya teatre yangu. Nimekwisha kuliandika, sasa naweza kukueleza taratibu.

Unaikumbuka ile katuni ya kanga uliyowatumia watoto kwenye flash, Krismasi ya mwaka juzi? Kanga mama ananyang'anywa kifaranga na mwewe, kisha anafundisha kundi lote kupiga kelele ya hatari. Mwaka huu parokia iliniomba mchezo wa Pasaka. Nikasema tuichukue katuni hiyo tuifanye mchezo wa kuimba, na wanafunzi wangu ishirini na wawili wawe kanga. Katika filamu kanga wanapiga mabawa. Mabawa yetu yalikuwa ya kitambaa, hayalii. Nikawapa sufuria.

Wewe uliondoka kabla ya mauaji kuanza, kwa hiyo sufuria unazijua za jikoni tu. Hapa kila nyumba imetundika moja tupu karibu na mlango. Anayewaona wale watu wanaoua anaipiga, jirani anaipokea, na mtaa mzima unakimbia. Inapigwa ovyo, jinsi mtu mwenye hofu anavyopiga. Mimi mwalimu wa nyimbo nikaona ovyo ile haipendezi, nikaipa mwendo: tatu nzito, kimya, mbili nyepesi. Tulijizoeza kila siku saa kumi, kwenye uwanja wa kapela, juu ya lile bonde la mashamba. Juma la kwanza majirani walinuna. La pili walizoea. La tatu walikuwa wanaimba pamoja nasi wakilima.

Na watu waliupenda, kaka. Tuliucheza siku mbili, na kila mara nilisimama mlangoni na karatasi nikiomba maoni, asiyejua kuandika nikamwandikia. Mwalimu Ngalula, yule mama wa Kasai ninayefundisha naye, aliandika kwamba mavazi yalikuwa ya kimaskini na mwewe mnene mno kuweza kuruka, lakini sufuria zilimtoa machozi. Kapiteni Hippolyte wa kambi ya jeshi alicheka hadi akashika ukuta: "Ah, kanga hii iko na ulinzi kupita siye basoda!" Mzee Kitsa, mlinzi wa chemchemi, alikaa mstari wa mbele siku zote mbili. Yeye alisema wimbo wa kanga mama ni mrefu, angeukata nusu, ila sufuria angezisikiliza bila kuchoka. Mmoja alilalamika kwamba katika katuni kifaranga anarudi mwishoni, na mimi nimemwacha amekufa. Nilimjibu kwamba hapa Beni hakuna atakayemwamini kifaranga aliyerudi.

Mama mkubwa naye alitoa maoni. Alinishika mkono akasema, "Zamani nikisikia sufuria, tumbo inanikata. Leo nimecheka." Niliyaandika kwa herufi kubwa. Nilidhani ni sifa kuliko zote nilizopata.

Sifa zikanilevya. Parokia moja ya Butembo ikatualika, tukaanza tena mazoezi ya saa kumi, mwezi mzima. Tulicheza huko Jumapili, na hata Butembo watu walisimama kwa sababu ya sufuria. Jumatatu watoto walirudi Beni na lori. Mimi nilibaki kwa rafiki, eti nipumzike. Jumanne saa kumi nilikuwa nimekaa kitandani kwake na kikombe cha chai, nasoma maoni ya watu wa Butembo karatasi moja moja. Nilikuwa na furaha. Naona haya kukuandikia hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Saa hiyohiyo wale watu walitoka msituni upande wa chini wa bonde. Mzee Kitsa aliwaona wa kwanza. Akaikamata sufuria yake akaipiga kwa nguvu zote, na mikono yake, kaka, ikapiga tatu nzito, kimya, mbili nyepesi. Ananiapia kwamba hakuchagua. Mikono ilikuwa imezoea hivyo.

Mama mkubwa na Kanyere walikuwa wanapalilia maharagi. Kanyere aliinua kichwa akasema, "Mama, tukimbie." Mama mkubwa akamjibu, "Hapana, ni batoto ba Kasika banajizoeza. Leo banapiga muzuri." Kanyere akamvuta mkono. Mama mkubwa akamwita mwoga, akaendelea kupalilia huku akiimba wimbo wetu. Kanyere alikuwa anamvuta mara ya pili risasi zilipolia, ndipo akakimbia na mtoto mgongoni. Usidhani ni maneno ya Kanyere tu. Wanawake wa shamba la juu nao walisikia, nao walicheka, wakaendelea kulima. Wawili walionusurika wamenieleza kwa vinywa vyao. Tulizika watu watatu, na wote watatu walikuwa wamesikia sufuria vizuri kabisa.

Katika kikao cha kwanza nilikuwepo. Baba Lusenge aliuliza kama kuna anayejua zaidi. Niliangalia miguu yangu. Mimi mwalimu mzima, ninayewaadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo, nilinyamaza, na Kanyere alikuwa amekaa mbele yangu akinitazama. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu kifo kilikwisha kuja, na bado nilikuwa naficha.

Kuna baya zaidi. Siku ile ya Pasaka nilimwomba Kanyere naye maoni yake. Hakusoma sana, kwa hiyo niliandika mimi. Alisema, "Yaya, dada yangu, mchezo iko muzuri. Lakini sufuria hapana kitu ya kuchezea. Siku bale batu batakuya kweli, tutajua namna gani?" Nilicheka, nikamwambia hayo ni mawazo ya mtu asiyejua teatre. Nilipoyasoma maoni mbele ya baraza la parokia niliyasoma yote, hata ya mwewe mnene, yake peke yake nikayaruka. Karatasi hiyo nimeitia ndani ya bahasha hii. Mwandiko ni wangu, utautambua.

Mchezo nimeufuta, na watoto wamerudisha sufuria kwao. Lakini hakuna anayejua tena la kufanya akizisikia. Juzi mama mmoja aliangusha mfuniko jikoni, nusu ya mtaa ikakimbilia kambini, nusu ikakaa ikiuliza kama ni kweli. Niliwatazama wale waliokaa nikatamani kuwapiga.

Kaka, sikuandikii ili unionee huruma. Mama mkubwa ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na sijui nitamlilia vipi mtu niliyemdanganya kwa wimbo. Ukitaka nisikanyage tena ukumbini pa familia, sitakanyaga. Ila nakuomba moja. Jumamosi nitasema haya mwenyewe mbele ya wazee, lakini uzito wa neno la mwanamke katika kikao kile unaujua. Lako ndilo litakalofunga maneno. Waambie Kanyere abaki na watoto wake.

Jéthro anakusalimu. Haongei siku hizi, anakwenda shambani na kurudi bila kupalilia kitu. Mzee Kitsa anakusalimu na kukuomba msamaha, ingawa nimemwambia hana kosa. Mwalimu Ngalula anakupa pole ya msiba. Nisalimie sana shemeji Élysée, na umkumbatie Rébecca mdogo, uliyempa jina la mama mkubwa, ambaye sasa ndiye peke yake mwenye jina hilo.

Kanyere hana salamu, kwa sababu hajui kwamba nakuandikia. Leo asubuhi nilimkuta anakunja nguo za watoto na kuzipanga ndani ya mfuko. Alipomaliza akazitoa moja moja akazirudisha kwenye kamba, maana ameambiwa kwamba nguo zitakazoondoka Jumamosi ni zake tu.

Mungu akulinde ugenini, na siku hiyo akupe neno lililonyooka.

Wako akupendaye, hata kama wewe hutaweza tena,

Kasika