Tenki la Kigango na Saa ya Seva

Jumatano, 27 Agosti 2025

Umeme umekatika saa nane kamili mchana, umerudi saa kumi na dakika hamsini. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye sukari. Nimekaa barazani na mama tukichambua maharage. Kaniuliza kama Vedasto amerudi. Nikamwambia mume wangu yuko mbugani, kule kreta, na watalii wake, anarudi wiki ijayo. Baada ya muda kidogo kauliza tena.

Umeme uliporudi seva imewaka yenyewe. Kompyuta kuukuu, iko stoo juu ya debe la mahindi, lakini ndiyo inayobeba kila kitu: bukingi za ile kambi ya watalii ninayoifanyia kazi, picha zetu, kamera mbili za uzio. UPS yake, ile ya kushikilia umeme ukikatika, ilikufa Julai. Sijanunua nyingine. Uvivu tu.

Alhamisi, 28 Agosti 2025

Tenki la kigango limekauka! Lita elfu kumi, zimekwenda zote mtaroni. Emmanueli, katibu wa kamati ya maji, alilipima saa moja asubuhi kama kawaida – limejaa. Saa tano na dakika ishirini jirani Blandina kafika na ndoo zake, bomba kavu. Mtu alifungua ile koki ya chini, ya kuoshea tenki, akaiacha.

Sintamei, mlinzi wa kigango, anasema alikuwa Ganako na ndama wake kwa bwana mifugo. Karudi saa tano, kaona tope, kakuta koki iko wazi, kaifunga, kakimbia kumwita Emmanueli. Watu wanamsikiliza huku wanaangaliana.

Pampu haitajaza tena mpaka wiki ijayo. Rhotia nzima inashuka na punda kwenye chemchemi.

Ijumaa, 29 Agosti 2025

Emmanueli kaja nyumbani. "Mama Tluway, kamera yako si inaangalia tenki?" Kweli, kamera ya nyuma inaliona, kwa upande. Nikafungua picha za jana kuanzia saa moja, maana saa moja lilikuwa limejaa. Saa mbili na dakika kumi – huyo hapo! Shuka jekundu, kainama kwenye koki, mkono unazungusha. Maji yenyewe hayaonekani, mtaro uko upande wa pili.

Saa mbili. Na alisema alikuwa Ganako.

Nikaikata ile video, nikamtumia Emmanueli. Kanishukuru sana. Mimi nikaona nimefanya kazi nzuri.

Jumapili, 31 Agosti 2025

Wamemfukuza Sintamei. Baada ya ibada, mbele ya watu wote. Walimwonyesha video kwenye simu. Kaiangalia mpaka mwisho, kasema, "Huyu ni mimi. Lakini si saa hiyo." Mtu wa nyuma akacheka. Mwingine kasema hawa watu wa Olbalbal ng'ombe kwanza, binadamu baadaye, atakuwa amewafungulia ndugu zake waliokuwa wanapeleka mifugo mnadani.

Hakubishana. Miaka sita kalinda hapa. Kachukua blanketi lake na ndama wake wawili, kaanza kupandisha barabara ya geti la hifadhi kwa miguu, kwenda kwao. Alipopita kwangu kanisalimia. Nami nikaitikia, nikaingia ndani.

Jumanne, 2 Septemba 2025

Seva imegoma! Nataka kuingia kwenye bukingi, inaniomba ile namba ya tarakimu sita ya kwenye simu. Naingiza – si sahihi. Narudia – si sahihi. Mara saba. Nenosiri sawa, simu ile ile, intaneti ipo. Meneja wa kambi anapiga, wageni wanne wa Ijumaa, mahema mangapi? Nikamjibu kwa kukumbuka tu, na Mungu kasaidia nimepatia.

Nimezima ruta, nimewasha. Nimezima seva, nimewasha. Wapi.

Jumatano, 3 Septemba 2025

Nimeipata. Na natamani nisingeipata.

Asubuhi nilichomeka skrini kwenye seva yenyewe kule stoo. Simu yangu inasema saa nne na dakika kumi. Seva inasema saa moja na dakika ishirini. Iko nyuma! Ndiyo maana namba zinakataliwa, zile zinabadilika kila sekunde thelathini na zinategemea saa.

Nikafungua kumbukumbu zake. Jumatano iliyopita, saa nane mchana, kimya. Umeme uliporudi, seva ikaendelea kuhesabu kutoka pale pale saa nane, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikafungua kava: ile betri ndogo ya duara inayotunza saa ndani imekufa kabisa. Sawa, lakini intaneti si ingeirekebisha? Nikashuka mstari mmoja. Huduma ya kulinganisha saa imeuliza, imejibiwa, imeona tofauti ya sekunde elfu kumi na mia mbili, ikasema ni kubwa mno, haiamini, ikajizima. Jana nilipoizima na kuiwasha ikauliza tena, ikakataa vile vile.

Sekunde elfu kumi na mia mbili. Masaa mawili na dakika hamsini.

Nilitabasamu, nikasema basi, betri mpya ipo Karatu mjini. Halafu nikakumbuka kamera zinachukua saa kutoka kwenye seva.

Nikakaa chini pale pale kwenye gunia.

Saa mbili na dakika kumi ya Sintamei ni saa tano kamili. Kama alivyosema. Alikuwa anafunga! Nikafungua video tena – kivuli chake kifupi, kiko miguuni. Kivuli cha karibu adhuhuri. Nilikiangalia Ijumaa na sikukiona. Na ningeiacha video iendelee dakika ishirini tu, ningemwona Blandina na ndoo zake. Niliacha kuangalia nilipompata niliyemtaka.

Basi nani alifungua? Nikarudi nyuma, kwenye saa ambazo sikuzigusa. Saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, inasema. Alfajiri gani, jua limejaa uani! Ni saa mbili kasoro dakika tano. Anatokea mtu na ufagio na ndoo tupu. Anainama kwa shida, anazungusha koki kwa mikono miwili. Anasimama kidogo anaangalia ufagio, kama anajiuliza ni wa nini. Anaondoka.

Ana kitenge cha njano. Nilimnunulia mwenyewe Pasaka.

Mama.

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Sikupika. Nilikwenda kwa mama asubuhi, nyumba yake ni hatua ishirini kutoka kwangu. Nilimkuta anamwaga mahindi kwa kuku. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikamwonyesha video.

Kaitazama. Kasema, "Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Tunaosha tenki." Akina mama wa kigango waliosha tenki kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, yeye ndiye mkubwa wao – lakini hiyo ni zamani, nilikuwa msichana! Lile tenki la bati. Halipo tena.

Nikamwambia maji yote yalimwagika. Nikamwambia kuhusu Sintamei. Kalia, mama yangu Sabina, ambaye sikuwahi kumwona analia hata baba alipozikwa. Nilimwita aayo, mama kwa lugha yetu, kama utotoni. Akafuta uso na ncha ya kitenge, akasema, "Nitasimama mwenyewe. Usinisemee."

Mchana kanipigia Vedasto, mtandao unakatika katika. Nikamweleza. Kasema: "Mama Tluway, achana nayo. Tenki litajaa tena. Unataka mama achekwe, Rhotia nzima wajue akili inamtoka?" Nikamjibu Sintamei amechekwa tayari. Kasema tutaongea.

Nimewahi kuona dalili, nisijidanganye. Sufuria iliyoungua jikoni mwake, chumvi mara mbili kwenye mboga. Nilikuwa nasema ni uzee.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Nimekwenda Karatu mjini kwa bodaboda, nimepata betri. Nimeibadilisha, nimewasha, nimeiamuru huduma ya saa irekebishe tofauti hata ikiwa kubwa namna gani, kila seva inapowaka. Nikalinganisha na simu. Sekunde kwa sekunde. Zile namba sita zikakubali mara ya kwanza. Kazi ya robo saa.

Nikapita kwa mama kumwambia kamati inakutana Jumapili. "Kamati ya nini?" Nikadhani anatania. Hatanii. Hakumbuki chochote. Wala video, wala kulia.

Ikabidi nimwambie upya. Mara hii alikasirika. Kasema namsingizia, tangu lini mtoto anamchunguza mzazi wake kwa kamera. Kanifukuza! Nilikuwa nimefika kwenye ua wa mkonge aliponiita. Kasimama mlangoni, kashika fremu. "Huyo baba ana watoto?" Nikasema anao wanne, na mkewe Nosim. Kafikiri. "Nitasimama mwenyewe," kasema. "Usinisemee."

Maneno yale yale. Nimetembea kurudi nyumbani siioni njia vizuri.

Jioni, kabla jua halijazama, nimemweleza Emmanueli kuhusu saa. Kwanza hakuelewa, nikamchorea kwenye daftari lake. Alipoelewa alishika kichwa. "Kwa hiyo tumemwonea." Nikasema nimemwonea mimi. Kauliza kama si yeye, ni nani? Nikasema utasikia Jumapili.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Vedasto karudi mapema, saa saba mchana, gari jeupe kwa vumbi. Na Sintamei yuko kiti cha mbele!

Kumbe jana, wakitoka Serengeti, aliwaomba wageni ruhusa ya dakika chache, kakata kushoto kuelekea Olbalbal. Kamkuta tambarareni nyuma ya ng'ombe wa jirani yake, anatafuta maji. Ndama mmoja amekufa njiani. Vedasto anasema alikuwa amejipanga kusema mengi, lakini Sintamei kamtangulia: "Mama Tluway hajambo?" Basi. Hakuuliza lingine. Asubuhi hii kampitia njia panda.

"Nilikukosea kwenye simu," Vedasto kaniambia jikoni, hanitazami, anaosha mikono. Nikampa taulo.

Nilimkataza asimwambie Sintamei ni nani aliyefungua. Kamwambia saa ya kamera ilikuwa mbovu, tu. Nami nilimwomba Sintamei msamaha barazani, nikapiga na magoti. Kasema, "Inuka, dada. Mimi nilijua ni saa tano. Tumbo lilikuwa linaniambia." Tukacheka kidogo, wote watatu. Halafu kageuka, anaangalia ule upande wa tenki. Kasema yule ndama aliyekufa ndiye aliyempeleka Ganako siku ile.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Naandika hapa hapa kwenye benchi. Ibada imekwisha, watu wamebaki kwa mkutano. Emmanueli anapanga karatasi mezani. Blandina yuko mbele yetu na wenzake. Sintamei hakuingia, kasimama mlangoni na fimbo yake, watu wanampita pembeni kama hawamfahamu. Vedasto kakaa nyuma kabisa.

Asubuhi sikumwambia mama kitu. Niliogopa. Nilimvalisha kitenge cha njano, nikamshika mkono, tukaja.

Sasa hivi kaninong'oneza: "Felista, tunasubiri nini?"

Nimemwambia. Mara ya tatu. Koki, maji, video, Sintamei. Alhamisi alilia, juzi alifoka. Leo katulia. Anaangalia mikono yake, anaigeuza, kama si yake.

"Na huyu baba wamemfukuza?"

Ndiyo, mama.

"Kwa ajili yangu."

Na yangu pia, nimesema.

Hajasema yale maneno. Namsubiri ayaseme, hasemi. Nimemwambia akitaka twende nyumbani, tutakwenda, nitasema mimi siku nyingine. Anaangalia mbele, mezani kwa Emmanueli.

Emmanueli kaanza kwa sala. Imekwisha. Anasema kuna jambo limejitokeza kuhusu tenki, nani anataka kuanza?

Mtu anakohoa. Nimefungua kinywa.

Mama kanibonyeza goti, nisiinuke. Kashika benchi la mbele, anajivuta mwenyewe. Kitenge kimenasa kwenye msumari, kinamrudisha chini. Kabla sijaweka kalamu, Sintamei kaegemeza fimbo ukutani, kaja mbio kutoka mlangoni, kampa mkono.

"Taratibu, bibi," anamwambia. "Simama taratibu. Nimekushika."

Sintamei hajui bado mama anachotaka kusema.