Swali Ulilomuuliza Mama Mkwe

Wakili, mtoto wa baba mkubwa,

Sikuiti mpendwa. Waliokuita mpendwa walitosha siku ile tulikuzika kwetu Kebirigo, na spika zilikuwa zimefungwa mpaka juu ya miti, kwa hivyo kama maiti husikia, ulisikia. Mimi nakuandikia yale hayakusemwa. Naandika wazi, wale waliocheka nao wasome.

Mawakili wenzako walitoka Kisii na Nyamira na suti nyeusi, wakasimama mmoja mmoja kutaja kesi ulizoshinda. Walianza na ya mchinjaji wa Birongo, yule alishtakiwa kwamba amechinja ng'ombe ya wizi. Mwenye ng'ombe alikuwa ameapa anaijua hata gizani. Ukamletea ngozi tatu ndani ya korti ukamwambia, "Mzee, chagua ng'ombe yako." Mzee akachagua ngozi uliyoomba kwa shemeji yako, na harufu ikamtoa karani nje. Hiyo nakupa. Mchinjaji alikuwa hajaiba kitu, na bila wewe angeoza jela.

Halafu yule wakili mnene, anayejiita mwanafunzi wako, akashika maikrofoni. "Sasa ngojeni niwape ile ya shahidi wa migomba!" Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno.

Hiyo ni yangu. Wewe ulikuwa wakili, mimi mshtakiwa, na shahidi alikuwa mama mkwe wangu.

Na alikuwepo. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, kwa hema ya wakwe, amejifunga shali. Alitoka Marani na miguu yake mibovu kuja kuzika mtu aliyemwaibisha, kwa sababu ulikuwa ndugu wa mkwe wake, na mkwe huzikwa. Yule mnene akaigiza vile ulivyouliza. Akaigiza vile mama alinyamaza, akajifunika uso na tai yake. Hema yote ikacheka. Mama akasimama, akatafuta fimbo yake chini ya kiti, akaenda pole pole mpaka akatoka kwa lango.

Watu wakanigeukia waone uso wangu. Na mimi nikacheka. Nilikuwa na sahani ya wali mkononi na nikacheka.

Tangu siku hiyo nakuchukia, na sijui nikuchukie vipi bila kujichukia mimi.

Zamani nilikupenda kuliko ndugu zangu wa tumbo. Unakumbuka mapera ya yule jirani wa chini? Alikuja kwa baba yako na kiboko, anapiga kelele kwamba ameona mwizi mwenye shati nyekundu. Mwenye shati nyekundu nilikuwa mimi. Lakini wewe ulikuwa umeshanivua nyuma ya jiko ukaivaa. Ukasimama mbele yake, mdogo hivi, ukamuuliza, "Mzee, uliona uso ama shati?" Akasema shati. Ukasema, "Basi nipige mimi. Lakini muulize tata, baba yangu huyu, tangu asubuhi tulikuwa na yeye tukichuna chai." Na ilikuwa kweli, ulikuwa na yeye. Jirani akarudi kwake akitukana hewa. Mimi nililala chini ya migomba nikacheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na wewe ukaniambia, "Usiwahi kuogopa. Ukiniambia mtu aliona nini, mimi nitajua hakuona nini."

Niliibeba hiyo maneno miaka yote. Ndiyo nilikuja nayo kwa ofisi yako.

Nilikuwa nimempiga Kemunto, bibi yangu, na akakimbilia kwao Marani. Nikamfuata asubuhi, umande haujakauka. Ndugu yake Onchiri akanizuia kwa njia ile inapita kando ya migomba. Hakunitukana. Alisema tu, "Shemeji, rudi. Dada yangu si ngoma." Nilikuwa nimeokota mpini wa jembe pale kwa shamba lao. Nilimpiga nao. Alipoanguka nikampiga tena, kwa mkono aliokuwa anajikinga nao. Mkono huo haujanyooka mpaka leo. Hawezi kuchuna chai, hata kufunga kamba ya kiatu ni bibi yake anamfungia.

Hukutaka kusikia hayo. "Usiniambie ulifanya nini," ulisema. "Onchiri ni neno lake dhidi ya lako. Niambie nani mwingine alikuona."

"Mama mkwe."

"Alikuwa wapi?"

"Ndani ya migomba."

"Asubuhi hiyo na umande? Anatafuta nini?"

Na mimi nikakujibu. Nikakuambia choo yao ilikuwa imeanguka na mvua.

Ukaangalia dirisha. Halafu ukapiga meza na kiganja, ukacheka vile ulicheka siku ya mapera. "Tumeshinda," ulisema.

Hiyo silaha nilikupa mimi, mkono kwa mkono. Wale waliocheka kwa hema hawajui. Walidhani ni akili yako peke yako.

Siku ya kesi, mama alisimama pale korti ya Kisii akasema kwa Kigusii kila kitu, sawasawa kama vile ilikuwa. Mkalimani akatafsiri. Hakimu alikuwa mtu wa mbali, mwendesha mashtaka pia wa mbali. Mimi nilikuwa kizimbani, nimeangalia viatu vyangu, kwa sababu mtu hamwangalii mama mkwe machoni. Ukasimama, ukafunga kifungo cha koti. Hukumuuliza juu ya mpini. Hukumuuliza juu ya damu. Ulimuuliza moja tu: "Mama, mweleze mheshimiwa. Ulikuwa unafanya nini ndani ya migomba?"

Akakuangalia kama hajasikia.

"Nimeuliza, mama. Ulikuwa unafanya nini?"

Vijana wa kisasa, acha niwaeleze, kwa sababu mlicheka na hamjui mlicheka nini. Kwetu kuna chinsoni, ile aibu ya heshima kati ya mtu na mzazi wa bibi yake. Mama mkwe hanipi mkono. Siketi kwa kiti chake. Siingii chumba anacholala. Na mambo ya mwili wake hayawezi kutajwa mahali masikio yangu yapo, hata kama nyumba inaungua. Kila Mgusii aliyekuwa ndani ya ile korti alijua anachoulizwa, na alijua hawezi kujibu mimi nikiwa nasikia. Wazee kwa mabenchi waliinamisha vichwa. Yule mkalimani, kijana wa kwetu, jasho lilimtoka, lakini kazi yake ni kutafsiri maneno, na maneno hayakuwepo.

Mama alinitazama mara moja. Halafu akavuta shali akafunika uso.

"Mheshimiwa," ulisema, "naomba iandikwe kwamba shahidi ameshindwa kueleza alikuwa hapo kwa nini. Kwa sababu hakuwa hapo. Alifundishwa nyumbani."

Ungeomba nitolewe nje kidogo, angejibu. Hata kunigeuza mgongo tu. Ulijua. Ulikula kwa yule mama siku ya kupeleka mahari, na ni wewe ulinikanya nisikae karibu na mlango wa jiko lake. Chinsoni ulinifundisha wewe!

Nikaachiliwa. Pale nje ulinikumbatia ukaniambia, "Sasa hata ukipanda juu ya meza sokoni useme ni wewe, hakuna wa kukurudisha kwa hii kesi. Imekwisha." Ulisema kama mtu anayetoa zawadi. Hata toba yangu uliifanya ikose bei.

Kemunto alirudi kwangu kwa sababu aliamini korti, kwamba mama yake na ndugu yake walinisingizia. Akaacha kwenda kwao. Mama yake alizoea kusimama kila Sabato kutoa ushuhuda, sauti yake inajaza kanisa. Tangu siku hiyo hajasimama. Nani atasikiliza ushuhuda wa shahidi wa migomba? Na mimi nikafanywa mzee wa kanisa. Kanisa hilo hilo la Marani, wakati tulihamia karibu na shamba nililokodi. Nilikuwa nakusanya sadaka nikifika benchi lake napitisha kikapu bila kumwangalia, na watu wakasema, ona heshima ya yule mkwe.

Baada ya mazishi yako nilimwambia Kemunto. Hakulia. Aliuliza tu, "Na mimi nimemnyima mama yangu chumvi miaka hii yote kwa sababu yako?" Akachukua leso na mtoto wetu mdogo akaenda kwao. Kesho yake nikafuata kwa njia ile ile.

Onchiri ndiye alikuwa uani. "Karibu, shemeji," alisema. "Umekuja peke yako? Nilidhani umeleta wakili mwingine, yule wa kwanza si ameoza?"

Kemunto alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

Nilisema nikiwa nimesimama, hapo kwa jua. Nikasema ni mimi, nilimpiga, na mama aliona, na kila neno lake kortini lilikuwa kweli.

"Hiyo sisi tunaijua," Onchiri alisema. "Mkono wangu unaijua. Nenda uwaambie wale walicheka."

Mama alikuwa ametoka mpaka mlangoni. Hakuongea na mimi, aliongea na mtoto wake. "Onchiri, mwambie ageuke."

Nikageuka. Nikawapa mgongo, nikaangalia migomba.

Na hapo nyuma yangu, wakili, mama mkwe alijibu swali lako. Alilijibu lote, polepole, kama yuko bado pale mbele ya hakimu. Alisema alikuwa anafanya nini. Akasema kwa nini hakuweza kusimama akimbie amsaidie mtoto wake nilipokuwa nampiga, na hiyo sikuwa nimewahi kuifikiria, wala wewe. Kisu cha Kemunto kiliacha kumenya. Mimi nilisikia lote. Nilipoambiwa naweza kugeuka, mlango ulikuwa umefungwa.

Sabato hii nitasimama. Nitasema nilichofanya na aliyekiona. Uzee wa kanisa watauchukua, wauchukue. Kemunto bado yuko kwao na sijui kama atarudi, na sina mdomo wa kumuita. Nimesikia tu kutoka kwa Onchiri kwamba mama ameosha shali na amesema ataketi mbele.

Wewe endelea kulala na sifa zako. Sikutakii usingizi mzuri, lakini nilikupenda, na siku nyingine nikipita kwa kaburi lako nitang'oa magugu, kwa sababu wa kung'oa ni mimi. Ila jibu lake sikuandikii. Uliliuliza ukijua halitatoka. Sasa limetoka, na wewe ndiye hutalisikia.

Ni mimi, mtoto wa baba yako mdogo, mwenye shati nyekundu.