Macho Yako Bado Yanauzwa, Mama

Mama,

Salaam aleikum. Ni mimi, Rukia wako, na leo sikuandikii kukwambia kwamba nyumbani ni salama. Nina aibu mpaka mkono umekuwa mzito. Wiki iliyopita wewe, tuliyekuzika kabla ya mvua, ulitokea kwenye simu za wanawake wote wa soko la maziwa hapa Isiolo, ukisifia maziwa ya pakiti.

Ndiyo, wewe! Wewe uliyekuwa ukiwaambia wateja kwamba maziwa ya pakiti hayajawahi kumwona ngamia. Ilikuwa picha yako ile ya mtandio wa rangi ya machungwa, na chini yake: "Halima anapenda hii." Mama mdogo Talaso alinipigia akilia. "Rukia, dada yangu amekufa ama hajakufa? Nani anashika simu yake?" Nikamwambia labda ni wezi wa mtandaoni. Nilisema hivyo simu yako ikiwa mapajani mwangu, bado ina joto.

Ni mimi niliyeishika, mama.

Unakumbuka ile programu niliyokuwekea, ile inayotoa pointi ili nayo ione unachokitazama: umesimama kwenye video gani, umekaa hapo kwa muda gani, kidole kimerudi wapi. Uliniuliza, "Sasa hawa wananunua nini, na mimi hakuna kitu nauza hapo?" Nikakujibu kwa njia ambayo ungeielewa. Nikasema ni dabare tu. Unampa jamaa ngamia wa maziwa, anamkama, watoto wake wanakunywa, lakini ngamia anabaki wako na ndama ni wako. Nikasema hawa watachukua kule kutazama kwako, sisi tutapata bando, na zizini hakitatoka kitu. Ulicheka, ukasema basi wakame. Na mimi niliamini nilichokwambia, hilo pia ulijue.

Ulipofariki sikuizima. Mwanzoni ilikuwa uchungu, naapa. Niliifungua nikakuta nyimbo zako za Kiborana, mashindano ya ngamia, yule sheikh wa sauti nyembamba, vyote vimekusubiri kana kwamba umetoka kufukiza mitungi ya maziwa utarudi sasa hivi. Nikapitisha kidole pale ambapo ungepitisha wewe. Kesho yake tena. Kisha pointi zikaingia, nikanunua bando, na kuanzia hapo siwezi kukudanganya kwamba ulikuwa uchungu mtupu. Nilijifunza kutazama kama wewe. Mawaidha niliyaacha yacheze mpaka mwisho bila kusikia neno. Tangazo likiwa na pointi nyingi, nilibonyeza kwamba unalipenda, hata kulisoma sisomi. Hivyo ndivyo tangazo la maziwa ya pakiti lilivyopita.

Na kabla ya hayo ya sokoni kulikuwa na siku ya kugawa mali yako. Sheikh aliuliza nani ana kitu cha marehemu. Akasimama mwanamume ambaye hakuna kati yetu aliyemjua, Guyo, ametoka Sericho juu ya lori la mifugo, vumbi mpaka kwenye kope. Akasema, "Mimi niko na ngamia ya Halima. Alinipatia wakati wa ukame. Amezaa mara mbili. Mtoto moja alikufa, na ngozi ndio hii." Akaitandika ile ngozi mbele yetu tusije tukadhani amemuuza ndama. Hakuna aliyemdai, mama. Hakuna hata aliyejua kwamba huyo ngamia yupo. Kisha sheikh akanigeukia mimi, binti yako mkubwa, akauliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna. Simu yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, na nilimwangalia Guyo anavyokunywa chai nikatamani aondoke haraka.

Wenye programu hawakuja. Wamekuuza kwa watu wangapi, sijui. Huko waliko ndama wamezaliwa, na hakuna atakayepanda lori kuja kutuambia.

Baada ya simu ya mama mdogo niliamua kuifunga akaunti. Programu ikaniambia kwamba kabla ya kufunga ninaweza kupakua kumbukumbu zako zote. Nikapakua. Nilitaka kukuona tena kidogo, basi.

Mama, ulikuwa unatazama figo.

Ulianza miezi mingi kabla hujaanza kulala mchana. Miguu inayovimba. Mgonjwa wa figo ale nini. Ulikuwa unasimamisha, unarudisha nyuma, unatazama tena. Na pembeni, kwa ajili ya wanaonunua matangazo, wenye programu walikuwa wameandika: huenda ana ugonjwa wa figo. Wauza dawa walijua. Watu wasiojua hata Isiolo iko wapi walijua. Mimi niliyekuwa nalala upande wa pili wa pazia niliambiwa na daktari siku ile ya mwisho kabisa, na nikamfokea kwamba mama yangu hajawahi kuugua.

Kuna video moja umeitazama kuliko zote. Daktari mwanamke anaeleza namna ya kuwaambia watoto wako kwamba unaumwa. Nilipoiona nikakumbuka jioni moja umekaa mlangoni na simu. Nilipotokea uliilaza kifudifudi, ukasema, "Rukia, kaa hapa kidogo." Nikasema, "Ngoja kwanza mama, nimalize hii." Nilikuwa natazama tangazo nipate pointi. Nilipolimaliza ulikuwa umeinuka, unasuuza mitungi, nami sikukuuliza ulitaka nini.

Ijumaa baada ya swala nimemwita mama mdogo na ndugu zangu wote. Simu nitaiweka katikati yao, nitawaambia nimefanya nini na macho yako, na hizo kumbukumbu watazisoma wenyewe, kwa sababu ni mali yetu sote na si yangu peke yangu. Ya pale mlangoni nitawaambia pia. Wakinifukuza nitatoka. Halafu tutaifunga mbele ya wote. Sokoni nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nimwambie kila mwanamke kwamba Halima hakupenda pakiti hata siku moja. Na siku mtoto wangu akiniambia nikae hapo kidogo, nakuahidi nitakaa.

Kwaheri, mama. Mungu akupanulie kaburi lako. Nimejaribu kukumbuka lile tangazo nililokuwa natazama jioni ile lilikuwa la nini, na sikumbuki.

Wako,
Rukia