Kitanda Kimoja cha Dharura

Nakuru, Jumapili asubuhi

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Je, goti limeacha kukusumbua wakati wa mvua? Chai inachumika? Sisi hapa tu wazima, na tangu Ijumaa tumeongezeka: tulikuwa wawili, sasa tu watatu. Kemunto amejifungua mtoto wa kiume, ratili saba na nusu. Shangilia kwanza, kisha umwambie mzee wa kanisa aendelee kukusomea, maana nina malalamiko.

Yanaanza na yeye mzee. Mwaka jana nilipotolewa kwenye ufagio nikapewa rejista ya chumba cha dharura hapa hospitalini, nilikuandikia wewe peke yako kwamba sasa mlango ni wangu, na kwamba ndani wanadunga sindano hapo hapo. Yeye akaisoma barua kanisani, siku ya Sabato, mbele ya watu wote. Tangu hapo kijiji chetu chote cha Ikonge kinaugulia Nakuru. Kliniki iko ng'ambo ya ua, hatua arobaini, lakini huko wanatoa vidonge, na watu wetu wanasema kidonge si dawa. Ijumaa nilihesabu waliokaa benchini: ishirini na watatu. Wenye dharura walikuwa wawili, mmoja ameungua, mwingine amevunjika mkono. Waliobaki ni kikohozi na upele, na mama mmoja mkongwe wa kwetu ambaye kwikwi yake ilikoma njiani, lakini akaona si vizuri kurudi bila sindano.

Na kitandani, nacho kipo kimoja tu, alikuwa amelala baba mdogo Nyamwange. Alichomwa na mwiba mguuni. Tena mwiba wenyewe ulikuwa umeshatoka. Nikamsihi aende kliniki. Akanijibu, "Mimi nilikubeba mgongoni mpaka Nyamira ukiwa na surua. Leo unanionyesha foleni?" Nikamwandika rejistani. Wewe ungemjibu nini?

Saa nane mchana majirani wakamleta Kemunto, uchungu umemshika kabla ya siku zake kutimia, hawezi hata kufika wodi ya wazazi kule mteremkoni. Daktari akasema alazwe hapo hapo. Mama, nilisema neno moja tu: "Mke wangu anaingia."

Unajua heshima yetu, baba mkwe, awe baba mzazi au baba mdogo, hakaribii kitanda cha mke wa mwana. Baba mdogo aliruka akapitia dirishani, kiatu kimoja mkononi, kwa mguu ule ule wa mwiba. Nyuma yake wazee wengine wanane, wote wa rika la baba, wakatawanyika uani kama kuku walioona mwewe. Miezi minane nimewaomba wapishe. Siku hiyo haikufika dakika moja.

Lakini Kemunto akashika mwimo wa mlango. Akasema hawezi kulala alipolala baba mkwe. Nesi akabadilisha shuka, Kemunto akakataa. Akageuza godoro, akakataa, na maumivu yanazidi, nami jasho linanitiririka kwa hofu ya mtoto kuzaliwa sakafuni. Ndipo yule mama wa kwikwi akainuka, akamshika mkono, akamwambia polepole:

"Hiki ni kitanda cha serikali, binti yangu. Serikali haina baba mkwe."

Kemunto akacheka katikati ya uchungu, akapanda. Dakika ishirini na tano baadaye mtoto akalia, na wanawake wa benchi, wenye vikohozi vyao, wakapiga vigelegele mpaka daktari akaniuliza ni yupi kati yao anayeumwa kifua.

Ukikubali, jina ni la marehemu baba: Makori.

Baba mdogo amepona. Anawaambia watu dawa ya hospitali hii ni kali, unapona kabla hujadungwa. Yuko njiani kurudi huko kijijini. Tafadhali asipewe nafasi ya kusema kanisani.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mwambie apunguze kubeba vikapu viwili vya chai, na shangazi mwenye duka Nyamira. Mzee msomaji naye namsamehe. Barua hii aisome Sabato, kwa sauti, hasa hapa: mwenye kikohozi aende kliniki. Anayetaka kumwona Makori aje nyumbani kwangu, mlango wa kijani nyuma ya soko. Hapo hakuna foleni, na sindano hakuna.

Ni mimi mwanao, sasa baba Makori,
Ombati