Jumatano kwa Penseli

3 Julai

Mke wangu mpenzi, Mama Chiriku,

Hujambo na afya? Mgongo unasemaje, na cherehani nayo, imeacha kuruka nyuzi? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa safari. Tumewekwa kwenye hosteli, chumba cha vitanda vinne, na mwenzangu wa kitanda cha juu ni mkutubi mstaafu anayekoroma kama anapasua mbao.

Kongamano lilifunguliwa jana. Tuko watu mia mbili, wote wagonjwa wa vitabu, na tumeshinda siku nzima tukibishana kama ni halali mtu kukunja pembe ya ukurasa. Usicheke. Mchana wametutembeza maktaba kongwe yenye ngazi za mbao za kusukuma. Nilipanda moja mpaka juu kabisa, mlinzi akaja kunishusha kama mtoto mtundu, mimi mwalimu mzima.

Nina ombi. Mvua za mwisho zilivuja kwenye kabati langu na mimi niliondoka mbiombio. Ufunguo uko ndani ya kopo lako la vifungo. Niliuficha kwako ili usiutafute. Toa vitabu uvianike, lakini kivulini penye upepo, jua litavikunja. Najua miaka yote nimekukataza kuvigusa. Leo nakusihi uviguse.

Tarehe kumi na nane itatimia miaka tisa tangu Chiriku wetu atutoke, na mimi tena niko mbali. Makongamano haya hayabadilishi mwezi. Nenda kaburini kwa niaba yetu wote wawili.

Mumeo,
Baba Chiriku

10 Julai

Baba Chiriku, msafiri wangu,

Salamu zako zimefika zikiwa na afya kuliko miguu yako. Ikande kwa maji ya moto na chumvi. Mgongo wangu ni ule ule wa fundi nguo, na cherehani inashona ikijisikia.

Kabati nimelifungua. Kumbe huyu ndiye mke mwenza niliyeishi naye miaka kumi na saba bila kumwona uso. Ana rafu nne na vumbi la kutosha kujengea. Amenipigisha chafya mpaka jirani kanipa pole kupitia ukutani. Vitabu vya rafu mbili za juu tayari viko uani, nimevitandaza kwenye meza ya kukatia, nyumba nzima inanuka shule.

Na nimekukamata. Mbona hukuwahi kuniambia unaandika nyuma ya majalada? Kila kitabu, ndani ya jalada la mwisho, kwa penseli: siku uliyokimaliza, saa, mahali, na ulivyokuwa. "Jumapili asubuhi, kituo cha treni, viatu vimelowa, nina raha." "Jumatatu, kitandani, Mama Chiriku kanuna, taa inamkera." Nimecheka peke yangu kama punguani. Miaka yote nalalamika hunisimulii safari zako, kumbe umezifungia humu. Vitabu vyenyewe nakuachia, mimi nasoma penseli tu. Kila nikimaliza kushona nachukua vitano sita nakaa navyo mlangoni, na najikuta nakupenda upya, utu uzima huu. Aibu yangu.

Kaburini nitakwenda. Nitamwomba mtoto radhi kwa lile kosa langu la simu, kama kila mwaka. Najua hupendi nikisema hivyo, lakini ningepiga hosteli uliyokuwepo, ungemkuta hai.

Wiki hii naanza rafu ya tatu.

Mkeo,
Mama Chiriku

14 Julai

Mke wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Naandika haraka, basi la wageni linapiga honi, tunapelekwa kuona magofu ya ngome.

Umefanya kazi kubwa na inatosha. Rafu za chini ziache. Kule maji hayakufika, nimekumbuka vizuri, na vitabu vyake vimeoza uzi, ukivishika vitaachia kurasa. Funga kabati, ufunguo urudishe kwenye kopo. Nikirudi nitavianika mwenyewe.

Na hayo ya penseli usiyatilie maanani. Mtu akiwa safarini huandika lolote kupoteza muda, mara nyingine hata siku nakosea. Tafadhali, mama, achana nayo.

Mumeo,
Baba Chiriku

21 Julai

Baba Chiriku,

Hali sikuulizi. Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa. Kitabu nilikuwa nimekifungua tangu kumi na sita.

Rafu ya tatu, kinene, jalada la kijani. Nakunakilia neno kwa neno usije ukasema nimesoma vibaya. "Jumatano, saa kumi jioni, benchi la bustani ya makumbusho. Mchana mapokezi ya hosteli wamenipa ujumbe: Chiriku ana homa kali, nirudi nyumbani. Zimebaki kurasa sitini, nimezimaliza. Kesho ni ziara ya mji wa kale, nimeingoja mwaka mzima. Nitaondoka Ijumaa." Na mwaka umeuandika, mwaka ule ule.

Wewe uliniapia, mbele ya mama yangu mzazi, kwamba habari ilikufikia Ijumaa, mtoto keshafariki. Nilipokuuliza kama nilikosea namba ulisema ndiyo, nilipiga hosteli ya wiki ya kwanza wakati ulishahamia ya pili, ndiyo maana ujumbe ukazunguka. Nikaamini. Uliniachia namba mbili kwenye karatasi moja, na mimi nilikuwa dukani kwa watu nalia, mkonga wa simu mkono mmoja, mtoto mgongoni anaunguza kama pasi. Kwa nini nisikosee? Kila mtu aliona ni mimi kabisa wa kukosea.

Halafu ukanibembeleza. Hilo ndilo linalonichoma. Ulikuwa unanishika mabega unasema usijilaumu, mke wangu, yeyote angekosea. Miaka tisa nakuomba msamaha, na wewe miaka tisa unanisamehe.

Ungepanda basi jioni ile ile, Alhamisi jioni ungekuwa hapa. Alhamisi nzima alikuulizia. Unajua alivyokuwa na maneno, ndiyo tukamwita Chiriku. Siku hiyo alibaki na moja tu, baba yuko wapi, baba yuko wapi. Nikamwambia baba hajapata habari, angepata angekuja mbio. Ijumaa alfajiri akakata roho akiamini hivyo.

Sijalia bado. Nimeshona suruali nne na zote nimeharibu vipimo. Nijibu neno moja tu, ni kweli au si kweli.

Mama Chiriku

26 Julai

Mama Chiriku,

Ni kweli.

Barua hii nimeianza mara sita. Nilidhani ni homa tu, kama zile zake za kila msimu wa baridi, nikaona siku moja haiui mtu. Kwenye ziara nilikwenda. Nilimnunulia na kofia. Ijumaa asubuhi nafunga mizigo, mapokezi wakaniletea ujumbe wa pili, wa msiba.

Njia nzima nilikuwa natunga la kukuambia. Nikafika, na kabla sijafungua mdomo wewe ukanishika miguu ukasema nisamehe, nadhani nilipiga namba siyo. Uliniletea uongo umeshapikwa na kupakuliwa. Nikaula. Nilijisemea nitakwambia ukipata nguvu kidogo, mara mwezi, mara mwaka, na uongo ukikaa nyumbani sana unageuka kama samani, unaupita kila siku huuoni. Kwa nini sikufuta ile penseli, sijui. Labda nilitaka pawe na mahali pamoja duniani nilipoandika ukweli, hata kama nimepafunga kwa ufunguo.

Nimepiga simu dukani mara tatu. Wanasema umeitwa na hutaki kuja kupokea.

Siku ya kufunga kongamano nilipangiwa kuzungumza ukumbini. Nimejiondoa. Nitapanda basi tarehe thelathini, thelathini na moja niko nyumbani. Nitukane, nifanye utakavyo, ila nakuomba nikukute.

Mumeo, kama bado,
Baba Chiriku

30 Julai

Baba Chiriku,

Hujambo? Nimeona nikuulize, maana sijui lini nitakuuliza tena. Barua hii sikuipeleka posta, mngepishana njiani. Nimeilaza mezani utaikuta.

Niko kwa dada yangu. Nimechukua cherehani, nguo zangu, na sare yake ya shule. Vitabu vyako vyote nimevianika, rafu zote nne, na nimevirudisha kila kimoja mahali pake. Hakuna kilichooza uzi. Kile cha kijani nilikishika nikichane, nikaghairi. Humu ndani ndicho pekee kilichoniambia ukweli.

Kwa hiyo unakuja mbio. Mbio hizo nilizihitaji Jumatano ile, baba. Leo sina mgonjwa.

Kuna jambo moja nakuachia. Tarehe kumi na nane nilikwenda kaburini, nikiwa nimeshasoma. Kila mwaka nimepiga magoti pale nikamwambia mtoto, ni mama aliyekosea, nisamehe. Safari hii nilikwenda kumwambia si mimi. Nikapalilia, nikakaa chini, nikasema, mwanangu, si mama aliyekosea. Basi, nikaishia hapo. Alikufa akijua baba yake angepata habari angekuja mbio, na ni mimi niliyemwambia. Nilishindwa kumnyang'anya.

Nenda kamwambie wewe.

Mama Chiriku